Bati la Biskuti

Mwalimu mkuu aliuliza mara mbili:
"Barua? Za karatasi? Na bajeti?"
Nikamwonyesha bati la biskuti, tupu,
kifuniko kimebonyea pembeni,
nikasema bajeti yote ndiyo hii.

Wanafunzi ishirini na watatu, darasa la tano, Kangagani.
Wazee kule Wete niliwapata kumi na wanane,
nyumba kwa nyumba, Limbani hadi Utaani,
nikinywa chai nisiyoihitaji,
nikisikia "miye macho yangu ndiyo haya, mwalimu,"
na "huyo mtoto nitamwambia nini?"
Watano wakakubali kuchukua wawili wawili,
kwa uso wa mtu aliyeshiba anayeongezewa wali.

Mzee Bakar Othman alikuwa karani wa mizani ya karafuu,
na mpaka leo haandiki ila kwa kupima.
Faki alimpelekea mstari mmoja, umepinda.
Akajibiwa:

*Barua nimeipata, kwa mkono wako mwana,*
*Herufi zinanipita, nyingine zinagongana,*
*Kalamu yako yasita, kama mwizi wa mchana,*
*Nambie umekulani, na nani mlogombana.*

Faki alikaa na karatasi ile siku nne.
Kisha akaandika: "Muhogo. Kombo."
Mzee ananiambia hajapata kusoma barua
isiyo na neno la kutupa.

Ya Bi Kazija ndiyo iliyonitia baridi.
Kaianzia kulia.
Ukurasa mzima wa herufi za Kiarabu,
nukta chache kama chumvi ya mwisho wa mwezi,
nami, na cheti changu cha ualimu,
nimeishika juu chini.
Skuli hakwenda. Hakuniambia, nami sikumuuliza.
Nilikuwa nimeshatunga uongo: bibi yako anaumwa, Raya, subiri.

Raya kainyakua batini kabla sijausema.
Kaiweka magotini, mkao wa chuoni,
kidole mbele, sauti nyuma,
akitarajia aya.
Akatoka mbuzi.
"Mwalimu, hapa pana mbuzi."
Akarudi nyuma kidogo, akaanza tena:
"Mbuzi... wa jirani... kala... kanga yangu."
Akaniangalia
kama aliyemkuta ustadhi wake sokoni
anabishania bei ya dagaa.

Pemba ilikuwa Bimba. Mtoto akawa mtutu:
"U mzima, mtutu wangu?"
Darasa zima likaanguka kwa kicheko.
Raya akajibu kwa hati ileile, ulimi nje,
na chini kabisa akapanga safu ya nukta:
*hizi zako, bibi, umezisahau.*
Akatia sahihi: Mtutu wako.

Jibu lilichukua wiki mbili.
*Nukta sisi hatuweki. Anayekujua ataisoma.*

Si zote zilizofika. Bwana Masoud
kahamia Unguja kwa mwanawe, hakuaga,
na Nassor, wa dawati la nyuma,
bado huinua kichwa nikifungua bati,
kisha hujifanya anatafuta rula.
Nimemwambia nitamtafutia mwengine.
Amesema hataki mwengine.

Ijumaa iliyopita, chini ya zote,
kijikaratasi kimekunjwa mara nane.
Jina langu juu, kwa mwandiko wa mjukuu wa mtu,
na ndani kutoka kulia,
bila nukta hata moja.
Nikampa Raya anisomee.
Akasoma. Akacheka peke yake. Akaanza kuikunja.
"Anasemaje?"
"Anasema barua zinafika, ahsanta,
lakini siku moja bati lije na biskuti."
"Basi?"
Akatazama dirishani, kisha miguu yake.
"Kuna mstari mwengine, mwalimu.
Huo kasema nisikusomee.
Kasema ujifunze."